Programu ya majina ya watoto ya Sh 9,000: ilinipa Akua, shangazi akanipa Mwanahamisi

Programu hii nimeitumia miezi mitano, tangu mimba ikiwa ya miezi minne mpaka mtoto alipotimiza siku saba. Ya bure inakufungulia majina 50 kwa siku. Ya kulipia ni Sh 9,000, unalipa mara moja kwa simu na hudaiwi tena. Nililipia. Naandika kwa ajili ya mzazi anayetafuta nilichokuwa nakitafuta mimi: jina la kizamani la mtoto wa kike, jina la pwani, la kina bibi. Jina la programu yenyewe siliandiki. Nina malalamiko nayo, na walioitengeneza nimekwisha kuwaandikia.

Mimi mzaliwa wa Tanga. Bibi mzaa baba alikuwa wa Pangani, akisuka ukili mpaka vidole vyake vikawa na sugu mahali pale pale miaka yote. Jioni barazani kwake walikuwa wakija wenzake, na mimi niliyajua majina yao kabla sijajua kusoma: Mwanaidi, Chausiku, Mwamvua, Arafa, Tatu, Mashavu, Tabu. Nilipokua ndipo nikatambua kwamba nilikuwa nimekaa katikati ya kalenda. Mwanaidi alizaliwa Idi. Chausiku alizaliwa usiku. Mwamvua, au kwa kirefu Mwanamvua, mvua ilikuwa inanyesha. Arafa alizaliwa siku mahujaji wamesimama Arafa. Tatu alitanguliwa na wawili. Tabu, mama yake alitaabika. Mashavu sina haja ya kumweleza, aliyemwona alijua.

Bibi yangu mwenyewe aliitwa Mwanahamisi. Alifariki mwaka 2009.

Leo nafundisha Kiswahili sekondari hapa Dar es Salaam. Daftari langu la mahudhurio limejaa kina Ilham, Nasra, Glory, Precious na Careen, watoto wazuri wenye majina mazuri. Mwanaidi hata mmoja. Mwamvua hata mmoja. Mwajuma yuko mmoja, na wenzake wanamcheka, kwa sababu mjini jina hilo limegeuzwa la kuchekeshea watu. Linaniuma kila ninapoita mahudhurio. Mwajuma ni Mwanajuma, mtoto wa Ijumaa, siku tunayoiheshimu kuliko zote za wiki. Jina kama hilo limekuwaje la kudharauliwa?

Kwa hiyo nilipojua nimebeba mtoto wa kike, nilikuwa na hamu ya jina la barazani kwa bibi, ila sikuwa nimeamua lipi. Mume wangu, mtu wa Tabora, hakuwa na pingamizi. Kwao nako kina Mwajuma na Mwamvua wamejaa. Tukaona tuipakue programu itusaidie kuchagua.

Nianze na inachokifanya vizuri, maana kipo. Wewe na mwenzako mnaunganisha simu mbili. Kila mmoja anapitishiwa majina peke yake: ukilipenda unasukuma kidole kulia, ukilikataa kushoto. Likipendwa na wote wawili linaingia kwenye orodha ya pamoja. Kwa wanandoa wanaoshindwa kusikilizana hili ni jambo kubwa, kwa sababu hakuna anayemwona mwenzake akikataa. Sisi tulikutana kwenye majina manne: Salma, Neema, Riziki na Subira. Riziki na Subira ni ya zamani pia, na lolote kati ya hayo ningempa mtoto kwa moyo mweupe. Inafanya kazi bila bando ukishapakua orodha, na haikuletei matangazo ukishalipia.

Sehemu iliyonivutia kuliko zote ni ile ya siku ya kuzaliwa. Unaweka tarehe, nayo inakwambia siku na majina ya siku hiyo. Hapo nilijifunza kitu. Waakan wa Ghana wana jina kwa kila siku ya wiki: msichana wa Jumatatu ni Adwoa, wa Jumanne Abena, wa Jumatano Akua, wa Alhamisi Yaa, wa Ijumaa Afua, wa Jumamosi Ama, wa Jumapili Akosua. Yaa Asantewaa, yule mama aliyewaongoza Waashanti kupigana na Waingereza mwaka 1900, kumbe jina lake linasema alizaliwa Alhamisi. Nilimsomea mume wangu usiku ule tukiwa kitandani, nikamwambia, "Basi huyu na bibi yangu ni majina mamoja." Yaa na Mwanahamisi. Nilifurahi kama niliyempata ndugu.

Lakini nilipoandika Mwanahamisi kwenye kisanduku cha kutafutia, halikuwepo. Mwanajuma halikuwepo. Sehemu ya siku nzima ni ya Ghana tu, ilhali pwani yetu hii, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, ina watu wangapi walioitwa kwa Alhamisi na Ijumaa?

Niliendelea kuchimba, na kadiri nilivyochimba ndivyo nilivyosononeka. Majina ya Kiswahili yamo kama 60 hivi, niliyahesabu, na mengi yana maana mbovu. Mwanaidi wameliweka upande wa wavulana, maana yake wameandika "mtoto wa kiume wa sikukuu". Mwanahawa limeenda huko huko. Nadhani aliyeandika alifungua kamusi, akaona "mwana", akaamua ni wa kiume. Kumbe "mwana" kwenye majina ya wanawake wa pwani lina uzito wake. Ni mtoto, ndiyo, lakini pia ni heshima, kama kusema bibi, mwanamke mwenye hadhi yake. Mji wa Mombasa unasimuliwa kuwa asili yake ni Mwana Mkisi, mwanamke mtawala. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga utendi wake mwaka 1858 kumuusia binti yake, na binti huyo akiitwa Mwana Hashima. Nafundisha utendi ule darasani. Ukimwambia mtu wa Lamu kwamba Mwana Kupona ni jina la mvulana, sijui utamtazama wapi usoni.

Siti wameliandika ni jina la Malaysia na Indonesia. Ni kweli, huko wako wengi. Ila Zanzibar haikutajwa, na kwetu sisi hilo ndilo jina la Siti binti Saad. Huyu mama alizaliwa Fumba, Unguja, miaka ya 1880, akapewa jina la Mtumwa. Siti alikuja kuitwa ukubwani, alipokwisha kuwa mwimbaji wa kusikilizwa na wakubwa na wadogo, na mwaka 1928 akavuka bahari kwenda India kutia sauti yake kwenye sahani za santuri. Nataja habari hii kwa sababu mtu anayetafuta jina la kizamani lazima aijue. Siyo kila la zamani linafaa kurudishwa. Mtumwa na Kijakazi yalikuwa majina ya watu, wapo waliozaliwa nayo na wakaishi nayo kwa heshima zao, lakini mimi mtoto wangu nisingempa. Programu yenye majina ya pwani ingemweleza mzazi mambo haya. Hii haielezi, inakupa neno moja la maana na picha ya ua.

Lililoniudhi hasa ni Saumu. Mtoto wangu alikuwa anatarajiwa ndani ya Ramadhani, kwa hiyo Saumu lilikuwa jina la kufikiriwa sana. Mama mkwe ndiye aliyelitaja. Nikalifungua kwenye programu mbele yake, nimwonyeshe jinsi teknolojia ilivyofika. Maana: "kitunguu chenye harufu kali". Mama mkwe alinyamaza. Saumu ni funga, ni nguzo ya dini. Kitunguu saumu ni neno jingine lililofanana nalo kwa sauti tu. Kosa la namna hii likikaa mtandaoni, binti mwenye jina hilo ataonyeshwa simu na wenzake shuleni, na hatakuwa na la kujibu.

Kuna kitufe cha kusikiliza jina linavyotamkwa. Kwa Salma na Amina kiko sawa. Kwa majina yenye "mwa" msikilizishe mtu yeyote wa nyumbani aone; sauti inakata "mu", inapumzika, halafu "wana". Sikukibonyeza tena.

Kwa haki niseme kwamba ipo sehemu inayoitwa "Majina ya Kale", na imetengenezwa kwa makini. Ni ya Kizungu karibu yote: Florence, Mabel, Edith, Agnes, Beatrice, majina ambayo huko Uingereza na Marekani yaliachiwa wazee na sasa wazazi vijana wanayarudia. Jirani yangu wa Bukoba, ambaye naye alikuwa mjamzito, alipoiona alishika kifua. Bibi zake wawili, mmoja Agnes, mwingine Edith, walibatizwa hivyo na wamisionari. Kwake yeye sehemu hiyo ilikuwa nyumbani kabisa. Kwa hiyo kama majina ya bibi zako ni ya ubatizo, Sh 9,000 zako zitarudi.

Nilinunua pia kijitabu cha majina ya Kiislamu, Sh 3,000, kwa wale wanaotandaza vitabu nje ya msikiti Kariakoo baada ya sala ya Ijumaa. Kina majina ya masahaba wanawake na maana zake kwa ufupi, karatasi nyepesi, kimechapwa vizuri. Ni kizuri kwa kazi yake. La pwani humo hamna hata moja, na wala hakikuahidi.

Mtoto alizaliwa Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, saa mbili kasoro robo usiku. Watu walikuwa wametoka kufuturu. Muuguzi aliyenipokea alikuwa bado ana kokwa ya tende mkononi. Kesho yake asubuhi nikaweka tarehe kwenye programu. Ikanijibu: Jumatano. Akua.

Akua ni jina zuri, lakini mimi na Ghana tuna nini? Na kwetu Jumatano haina jina. Sijawahi kumsikia wa kuitwa kwa Jumatano. Nilikuwa nimeshajiambia moyoni kwamba nikijaliwa siku ya Alhamisi nitalichukua jina la bibi bila kumuuliza mtu, na sasa ilikuwa kama nimekosa treni kwa saa nne. Nikarudi kwenye ile orodha yetu ya manne, nikalitazama Subira, nikasema basi, ni Subira.

Mchana nikampigia shangazi Tanga. Ni binti wa kwanza wa bibi, ana miaka 80 na kitu, hasikii vizuri sikio moja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hongera. Mtoto kazaliwa lini?"

"Jana Jumatano."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili kasoro robo usiku."

"Jua limeshazama?"

"Shangazi, watu walishafuturu na magharibi wameshasali."

"Sasa Jumatano unaitoa wapi? Huyo wa Alhamisi. Mama yangu amerudi."

Nilikaa na simu sikioni. Nilijua anachosema, ni kitu nilichokijua maisha yangu yote. Sisi siku yetu inaanza jua likizama. Usiku unatangulia mchana wake. Ndiyo maana mwezi wa Ramadhani ukiandama tunasali tarawehe usiku ule ule, kabla hatujafunga hata siku moja: mwezi umeshaingia. Ndiyo maana usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata baada ya Alhamisi kuchwa, na wazee wakisema "usiku wa kuamkia Ijumaa" wanausogeza karibu na siku yake. Mtoto aliyezaliwa Jumatano baada ya magharibi kazaliwa usiku wa Alhamisi. Nafundisha saa za Kiswahili darasani, nawaeleza watoto kwa nini saa moja ni saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza au kuzama. Lakini simu ilipoandika Jumatano, niliiamini simu.

Shangazi hakuishia hapo. Akanihesabia na akika, ile shughuli ya siku ya saba ya kumchinjia mtoto, kumnyoa na kumpa jina. Mtoto wa usiku siku yake ya kwanza ni mchana unaofuata, kwa hiyo ya saba ilikuwa Jumatano tarehe 19. Programu ilikuwa imeniwekea ukumbusho Jumanne tarehe 18. Tulifanya Jumatano. Mbuzi, nywele, na jina: Mwanahamisi.

Mdogo wangu alisema, "Dada, mtoto mchanga huyo unampa jina la kizee?" Nikamwambia bibi hakuzaliwa mzee. Alikuwa mchanga kama huyu, pale Pangani, akaitwa jina hili hili siku ya saba, na aliyemwangalia alimwona mtoto. Akasema atachekwa shule. Huenda. Lakini atakuwa na la kuwaambia: nilizaliwa usiku wa Alhamisi katika mwezi wa Ramadhani, na jina langu ni la mama wa babu yangu. Mwanafunzi wangu Mwajuma nilimwita pembeni niliporudi kazini, nikamweleza la kwake. Aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia aende akamuulize bibi yake alizaliwa siku gani. Kesho yake alikuja akicheka: Ijumaa, adhana ya adhuhuri ikisomwa.

Nyumbani tunamwita Mwana. Mume wangu akiwa peke yake naye anamwita Misi.

Sasa jambo moja la kuangalia kwa atakayechagua jina la namna hii, liwe umelipata kwenye programu au kwa shangazi. Kliniki tuliyokwenda, kadi ya mtoto iliandikwa "Mwana Hamisi", maneno mawili. Sikuona mpaka nimefika nyumbani. Linaonekana dogo, lakini fomu za siku hizi zina visanduku vitatu: jina la kwanza, la kati, la mwisho. Mwana likikaa la kwanza na Hamisi la kati, jina la baba linasukumwa mwisho, la babu linadondoka, na binti anaingia shule akiwa na Hamisi asiyemjua kama sehemu ya ukoo wake. Kulirekebisha kulituchukua safari tatu na kiapo kwa wakili. Kwa hiyo andika jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa, limeshikana, MWANAHAMISI, mkabidhi anayeandika, na usome kabla hajagonga muhuri. Chagua pia tahajia moja tangu mwanzo. Zanzibar utakuta Mwanakhamis, pwani ya Kenya wengi huandika Mwanamisi. Yote ni sawa, lakini cheti cha kuzaliwa na cha shule vikitofautiana utasumbuka.

Programu naipa nyota tatu kati ya tano. Ya kwanza ni ya kuunganisha simu mbili, ya pili ni ya kufanya kazi bila bando, ya tatu ni ya Waakan, maana bila hao nisingekumbuka kwamba siku ina jina. Mbili nimezizuia. Moja kwa sababu ya Saumu. Nyingine kwa sababu inauliza tarehe na haiulizi saa, na hesabu yake ya siku inaanzia usiku wa manane peke yake, kana kwamba hakuna mtu duniani anayehesabu kwa jua. Kuongeza kisanduku cha kuuliza kama mtoto kazaliwa kabla au baada ya jua kuzama hakuwezi kuwa kazi kubwa kwa watu walioweza kutengeneza yote yale. Kingewafaa wengi, maana Mwislamu popote alipo anahesabu tarehe za dini hivyo hivyo.

Niliwaandikia haya yote mwezi Aprili, pamoja na orodha ya majina 43 niliyoyakusanya kwa shangazi na wenzake kwa ujumbe wa sauti, kila moja na maana yake na namna lilivyokuwa likitolewa. Walinijibu baada ya wiki tatu, kwa adabu. Saumu wamelirekebisha, nimeliangalia mwenyewe, sasa limeandikwa "funga". Mwanaidi limehamishiwa kwa wasichana. Mwanahamisi bado halimo. Nimewaandikia tena juzi.